Hotrodi ya kupe ni gari la namna gani?

Ukimsikia Mmarekani akisema ana Ford ya mwaka 1932 yenye injini ya Chevrolet, giaboksi ya otomatiki na kiyoyozi, usidhani amechanganya mambo. Anazungumzia hotrodi: gari la zamani, aghalabu la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lililopunguzwa uzito, likashushwa karibu na barabara na kutiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani. Mwaka unaotajwa ni wa bodi, na mara nyingine ni wa umbo la bodi tu. Vilivyo chini yake vinaweza kuwa na umri wowote.

Kwa hiyo hotrodi si gari la kale lililorudishwa katika hali yake ya asili. Mwenye kulirejesha gari hutafuta rangi ileile na hata skrubu ileile ya kiwandani, na akikosa hukosa usingizi. Mwenye hotrodi hulitazama gari la kiwandani kama kazi ambayo haijaisha, naye ndiye wa kuimalizia.

Kupe, kwa upande wake, si yule mdudu wa ng'ombe. Ni neno la Kifaransa lenye maana ya "iliyokatwa", na lilianza kutumika kwa magari ya farasi yaliyofupishwa. Kwenye magari ya injini, kupe ni gari fupi la milango miwili lenye paa lisilofunguka. Katika Ford za 1932 kupe hutofautishwa kwa kuhesabu madirisha bila kioo cha mbele. Yenye matatu ina vioo viwili vya milangoni na kimoja cha nyuma, na milango yake imefungiwa bawaba upande wa nyuma, hivyo inafunguka kinyume na tulivyozoea. Yenye matano ina vioo vidogo viwili zaidi nyuma ya milango, ambayo hufunguka kama ya gari la kawaida.

Chimbuko la magari haya ni kusini mwa California. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilitoka kwa zaidi ya magari milioni 15, kwa hiyo katika miaka ya 1930 kijana asiye na fedha aliweza kupata iliyochakaa kwa bei ndogo. Vijana hao wakayapeleka magari yao kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu, wakayapima mwendo. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha kusimamia upimaji huo, SCTA, ambacho kipo mpaka leo. Huko jangwani madigadi yaling'olewa, pamoja na bampa na chochote kilichoongeza uzito au kuzuia upepo. Sura tunayoiona leo kuwa ya mapambo ilitokana na kutafuta mwendo, na nadhani hilo ndilo linaloifanya ipendeze.

Mwanzoni walipendelea magari ya wazi, maana ni mepesi kuliko kupe. Kupe ilipata heshima yake baadaye, na kilichoisaidia sana ni kukatwa paa.

Kazi hii inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndipo fundi wa bodi anapojulikana. Lengo ni kupunguza urefu wa sehemu ya vioo, tuseme inchi 3, ili upepo usilizuie gari sana. Kwa maneno inaonekana rahisi: kata nguzo zote zinazoshika paa, ondoa inchi 3, shusha paa, chomelea. Tatizo ni kwamba nguzo hazisimami wima. Huegemea ndani kadiri zinavyopanda, kwa hiyo ukiondoa kipande cha katikati, ncha za juu hazikutani tena na ncha za chini. Fundi ana njia mbili. Anaweza kuzilaza nguzo mpaka zikutane, au anaweza kulipasua paa lenyewe vipande vinne na kuongeza bati katikati ili lirefuke na kupanuka. Mlango nao unakatwa kwa kipimo hichohicho, na usipofunga sawasawa kazi yote imeharibika. Kwa bahati njema vioo vya miaka ile vilikuwa bapa, vinakatika. Paa lililoshushwa vizuri halikuonyeshi palipokatwa. Unaona tu gari lililoinamisha kichwa kama linataka kuruka. Likikatwa mno, dereva anachungulia barabara kama aliye ndani ya sanduku la barua.

Kwa nini Ford ndiyo iliyopendwa kuliko nyingine? Sababu moja ni bodi. Chevrolet za miaka ya mwanzo ya 1930 zilikuwa na fremu ya mbao chini ya bati, na mbao huoza. Ford zilitumia chuma kwa sehemu kubwa. Sababu kubwa zaidi ni injini ya V8, yaani yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, iliyotoka mwaka 1932, ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65, ndani ya gari lililouzwa kwa chini ya dola 500. Kabla yake silinda nane zilikuwa za magari ya wenye nacho. Injini hiyo ilikuwa na kasoro: moshi wake ulipita ndani ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini, katikati ya maji ya kupoozea, hivyo ilichemka upesi. Mwaka 1955 Chevrolet ilileta V8 ya lita 4.3, nyepesi na rahisi kuongezwa nguvu, na wajenzi wengi wakahamia huko. Wapo wanaoshikilia kwamba Ford lazima ibebe injini ya Ford. Nawaelewa, ila vijana wa Muroc walifunga kile walichokipata, na sioni kosa katika Ford yenye moyo wa Chevrolet.

Leo bodi halisi za 1932 ni adimu na ghali. Hotrodi nyingi hujengwa juu ya bodi ya faibaglasi, au ya chuma kipya kilichokandamizwa kufuata umbo la zamani, na chesisi mpya chini yake. Ukitaka kununua, uliza vitu vitatu kila kimoja peke yake: bodi ni ya lini, chesisi ni ya lini, injini ni ya lini. Jibu moja la "ni ya 1932" halitoshi.

Hata serikali imebidi ilishughulikie swali hilo. Sheria iliyopitishwa California mwaka 2001 inawaruhusu wenye magari ya kujengwa, 500 wa kwanza kila mwaka, kuchagua ukaguzi wa moshi ufuate mwaka wa injini au mwaka wa gari ambalo umbo lake linafanana nalo. Anayechagua umbo, gari lake lililokamilika juzi linahesabiwa kuwa la 1932, enzi ambazo magari hayakuwa na kifaa chochote cha kupunguza moshi.