Rimeki ya gemu ni nini? Tuitazame Final Fantasy VII

Rimeki ni gemu ya zamani iliyojengwa upya kuanzia msingi. Hadithi na wahusika tunawajua, lakini picha, sauti, ramani na mara nyingi hata namna ya kupigana vimetengenezwa upya. Isichanganywe na rimasta, ambayo ni gemu ile ile iliyosafishwa: picha zinaongezwa ukali ili zisionekane na ukungu kwenye televisheni za leo, na mengine yanabaki karibu kama yalivyokuwa. Final Fantasy VIII Remastered ya 2019 ni rimasta. Sura za wahusika zilichongwa upya, lakini mapigano na ramani ni vya 1999.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Final Fantasy VII, kwa sababu ndani yake maswali yote ya rimeki yamo.

Gemu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Square huko Japani mwaka 1997, kwa PlayStation, ikiwa na diski tatu. Wahusika walikuwa na mikono kama matofali. Hakuna aliyetoa sauti; maneno yote yalisomwa kwenye visanduku. Mandhari zilikuwa picha zilizotengenezwa tayari, na kamera ilisimama mahali pamoja. Hata hivyo watoto waliocheza waliuona mji mzima wa Midgar: bamba la chuma lililoning'inia juu ya mitaa ya mabanda, na kampuni ya Shinra ikifyonza mako, uhai wa sayari yenyewe, ili kuzalisha umeme. Cloud, mamluki mwenye upanga mpana, anakodiwa na Barret na wenzake kulipua mtambo. Yale ambayo picha hazikuonyesha, akili ya mtoto iliyajaza.

Hapo ndipo kazi ya rimeki inapokuwa ngumu. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1997 alikuwa na miaka 33 Final Fantasy VII Remake ilipotoka, Aprili 10, 2020. Mtu huyo hakumbuki matofali. Anakumbuka mji. Kwa hiyo watengenezaji, wakiwemo Yoshinori Kitase na Tetsuya Nomura ambao waliifanyia kazi ile ya kwanza, walilazimika kuujenga ule mji uliokuwa kichwani mwa mchezaji. Na kwa kuwa sasa kamera inamzunguka Cloud popote aendapo, kila ukuta unahitaji upande wa nyuma, na kila kichochoro kinahitaji watu wanaozungumza. Matokeo yake, Midgar, ambayo zamani ilikuwa saa chache za mwanzo, imekuwa gemu nzima yenye sura 18 na saa zaidi ya 30. Safari ya nje ya mji ilisubiri Final Fantasy VII Rebirth, Februari 29, 2024, na hadithi imepangwa kukamilika katika sehemu tatu.

Je, upanuzi huo una faida? Mara nyingi, ndiyo. Mtazame Jessie, fundi wa mabomu katika kundi la Barret. Zamani alikuwa na mistari michache tu kabla ya kufa. Kwenye rimeki tunafika kwao, tunamwona mama yake jikoni, tunamkuta baba yake amelala bila fahamu kwa sumu ya mako, na ghafla tunaelewa kwa nini binti huyu anailipua mitambo ya Shinra. Bamba lililo juu ya Sekta ya 7, sehemu mojawapo ya Midgar, linapoanguka, uchungu wake ni mkubwa kuliko ule wa 1997. Lakini kuna sehemu pia zilizovutwa kama ugali uliozidiwa maji: vijia virefu visivyo na jipya, na kutumwa kutafuta paka waliopotea wakati mji unakaribia kuangamia.

Mapigano nayo yamebadilika. Zamani ulisubiri mstari wako wa muda ujae, ndipo uchague: piga, tibu, tupa moto. Sasa unakimbia na kukata mwenyewe, na kila pigo linajaza mstari haraka zaidi. Ukifungua menyu, muda unapungua kasi hadi karibu kusimama, nawe unachagua kwa utulivu. Materia, yale mawe ya rangi yanayopachikwa kwenye silaha ili kupata uchawi, yamebaki. Nadhani huu ndio ufundi bora wa rimeki hii: vidole vinafanya mambo mapya, ila kufikiri ni kule kule kwa zamani.

Asiyejua hadithi na asiyetaka kuijua aruke aya hii. Mwishoni mwa diski ya kwanza, Sephiroth, adui mkuu wa hadithi, anamuua Aerith, msichana anayesafiri na Cloud, na tukio hilo linajulikana hata kwa watu wasiowahi kushika pedi. Watengenezaji walijua kwamba tunajua. Wakaingiza viumbe kama vivuli waliovaa majoho, wanaotokea kila mambo yanapotaka kwenda tofauti na yalivyokwenda 1997, na kuyasukuma yarudi njiani. Wapo mashabiki waliochukia jambo hilo. Mimi nalipenda, kwa sababu linampa mchezaji wa zamani hofu na tumaini aliyodhani hawezi kuyapata tena katika hadithi aliyoihifadhi moyoni. Ila ni kweli kwamba mchezaji mgeni hataona uzito wake.

Si kila rimeki inakwenda mbali hivyo. Super Mario RPG, ya 1996 kwenye Super Nintendo, ilirudi Novemba 2023 ikiwa karibu kila chumba na kila mzaha uko mahali pake. Yoko Shimomura aliupanga upya muziki wake mwenyewe, na mchezaji anaweza kurudisha ule wa zamani kupitia menyu. Hiyo inamtosha kabisa mtu anayeianza leo.

Kwa Final Fantasy VII ushauri wangu ni tofauti: ianze ile ya 1997. Bado inauzwa kwa simu, kompyuta na konsoli za kisasa, na inakuruhusu kuongeza kasi pale mapigano yanayozuka ghafla njiani yanapochosha. Ukiimaliza, washa ile ya 2020.