Saini ya msimamizi haijakupa shahada

"Profesa ameshasaini, bado mahafali tu." Sentensi hii hufika kwenye ofisi za masomo ya uzamili kila mwaka, kwa kawaida wiki chache kabla ya mahafali, na mara nyingi kadi za mwaliko zimeshatangulia. Nimechoka kuijibu mlangoni. Naijibu hapa mara moja, na atakayeirudia nitamtumia kiungo.

Kwanza tusome ukurasa wenyewe uliosainiwa, ule wa mwanzo wa tasnifu, yaani andiko la utafiti la kuombea shahada. Kwenye tasnifu za Kenya maneno ni karibu yaleyale kila chuo: tasnifu hii imewasilishwa ili itahiniwe, kwa idhini yetu sisi wasimamizi. Itahiniwe. Hakuna aliyesema imepita. Kwetu Tanzania ukurasa wa uthibitisho husema msimamizi ameisoma kazi na anapendekeza ikubaliwe na chuo. Nadhani hilo neno "ikubaliwe" ndilo linalowapoteza watu, kwa sababu jicho linaliruka "anapendekeza". Pendekezo lina mtu wa kulipokea na kulijibu, na huyo ni chuo kupitia watahini, kamati na mwisho Seneti, kikao cha juu cha taaluma cha chuo. Wakili akishafungua kesi mahakamani hatujasema hukumu imetoka.

Kwa hiyo saini ile ina maana tatu: msimamizi ameisoma kazi, kwa anavyojua yeye ni yako, na anaona imefikia kiwango cha kupelekwa kwa wengine waisome. Hapo ndipo nusu ya pili ya safari inaanza, na wanafunzi wengi hawakuiwekea hata mwezi mmoja kwenye ratiba zao.

Mambo mawili ya haraka kabla ya kufika kwa watahini. Moja, usajili. Mwanafunzi ambaye usajili wake umekwisha hana tasnifu ya kutahiniwa, hata ingekuwa nzuri vipi. Kumaliza kozi za darasani hakusimamishi ada ya mwaka, na kukaa kimya nyumbani "nikiandika" si kuahirisha masomo. Kuahirisha kuna fomu, kuna sababu, na kuna barua ya kukubaliwa. Bila barua hiyo miaka yako inaendelea kuhesabiwa, na ikifika kikomo unadisko, yaani unaondolewa masomoni, kwa kalamu ya mfumo bila mtu yeyote kukukasirikia.

Mbili, taarifa ya kusudio la kuwasilisha. Vyuo vingi vinaitaka miezi mitatu kabla ya tasnifu yenyewe. Watu huijaza siku ileile wanayoleta nakala, kama fomu ya kupoteza muda. Miezi mitatu ile ni ya kutafuta watahini. Idara inapendekeza majina, wasifu wao unapitiwa, ndaki (kitengo kinachobeba idara kadhaa) inapitisha, kurugenzi ya masomo ya uzamili inaandika barua, mtahini wa nje anajibu kwamba yuko likizo ya sabato, ile ya wahadhiri ya kufanya utafiti, na tunaanza upya. Ukileta taarifa na tasnifu pamoja, tasnifu inakaa kabatini ikisubiri mtu wa kuisoma apatikane. Halafu unapiga simu kuuliza mbona "ofisi imeikalia". Haijakaliwa. Haina msomaji.

Sasa watahini. Kwa uzamivu (PhD), na kwa vyuo vingi hata kwa uzamili, wanakuwepo wa ndani na wa nje ya chuo, na kila mmoja anaandika ripoti yake bila kushauriana na mwenzake. Vitabu vya taratibu vinaeleza hili kana kwamba watahini wanatoka mwezini. Ukweli ni kwamba mtahini wa ndani mara nyingi ofisi yake iko korido moja na ya msimamizi wako, wanakunywa chai pamoja, na kesho msimamizi wako ndiye atakayetahini mwanafunzi wake. Kwenye fani ndogo, chukua isimu au fasihi ya Kiswahili, hata mtahini wa nje anayeketi Nairobi au Eldoret anajua ni nani aliyesimamia kazi ya Dar es Salaam kabla hajafika ukurasa wa tatu. Sina hakika kanuni ina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba mtahini wa nje, kwa sababu jina lake liko hatarini mbele ya wageni, ndiye anayesoma kwa ukali zaidi, na ndiye ambaye msimamizi wako hana uwezo wa kumwambia "huyu kijana ameteseka, mpitishe."

Barua ya kumwomba mtahini huweka muda, tuseme miezi miwili. Muda huo ni ombi zaidi kuliko amri. Malipo ya kutahini ni madogo, huchelewa, na hakuna adhabu ya maana kwa profesa wa chuo kingine anayechelewesha ripoti. Kurugenzi inamkumbusha, inamkumbusha tena, kisha inatafuta mwingine na saa inaanza kuhesabiwa upya. Hapa sina utetezi: ni udhaifu wa mfumo, na anayeumia ni mwanafunzi.

Ripoti zikirudi, jambo linaloniudhi kuliko yote ni namna zinavyosomwa. Fomu ya mtahini kwa kawaida ina ngazi tano, ingawa maneno hutofautiana chuo kwa chuo: ipite kama ilivyo; ipite baada ya kusahihisha makosa ya uchapaji; ipite baada ya marekebisho mahususi yaliyotajwa kwenye ripoti; isipite kwa sasa bali iandikwe upya na kutahiniwa tena; ikataliwe. Ya kwanza ni adimu kama mvua ya Agosti Dodoma. Ya mwisho nayo ni nadra. Vita yote iko kati ya ya tatu na ya nne.

Wanafunzi hupima uzito wa ripoti kwa idadi ya kurasa. Mtahini akiandika kurasa kumi na mbili za maoni, mtu analia kwamba "amenifelisha." Ukitazama mwisho wa fomu, ametia alama ngazi ya tatu: umepita, rekebisha haya. Mwingine analetewa nusu ukurasa, anafurahi, anamwambia mama mkwe mambo ni safi. Ile nusu ukurasa inasema: "Data za sura ya nne hazijibu lengo la pili na la tatu," na alama iko kwenye ngazi ya nne. Huyo hajapita. Tofauti si ya wingi wa kazi. Kwenye ngazi ya tatu marekebisho yako yanahakikiwa ndani ya chuo, basi. Kwenye ya nne kazi inarudi kwa mtahini ikiwa mpya, muda unahesabiwa upya, ada inaendelea, na kwa kawaida nafasi ya kurudia ni moja tu.

Kinachoipeleka kazi kwenye ngazi ya nne ni nadra kuwa Kiingereza kibovu au koma zilizopotea. Ni viungo visivyoshikana. Malengo manne sura ya kwanza, matokeo ya malengo matatu sura ya nne, na hitimisho la lengo la tano ambalo halikuwahi kuwepo. Au sampuli: pendekezo la utafiti linataja watu 384, ile 384 maarufu ya jedwali la Krejcie na Morgan la kukadiria ukubwa wa sampuli, ambayo kila mtu anainakili hata kama jamii yake yote ya utafiti ni walimu 90, halafu uchambuzi unafanywa kwa hojaji 212 na hakuna mstari hata mmoja unaosema zile nyingine zilikwenda wapi. Kurudishiwa hojaji 212 si dhambi. Kunyamaza ndiyo dhambi. Ungeandika aya moja ya maelezo ungekuwa ngazi ya tatu.

Ripoti zikipingana, mmoja akisema ipite na mwingine ikataliwe, saini ya msimamizi haihesabiwi kama kura ya kuvunja sare. Kanuni nyingi zinapeleka kazi kwa mtahini wa ziada, au kamati inakaa kuzipatanisha. Nikiri kwamba wasomaji wawili makini wanaweza kuisoma kazi moja na kuona vitu viwili, na kumwongeza wa tatu kunatoa jibu bila lazima kutoa ukweli. Ila jibu linahitajika.

Kwenye utetezi, pale unapoitetea tasnifu mbele ya jopo, msimamizi kwa vyuo vingi anaruhusiwa kuwepo, na anaweza kuombwa ufafanuzi, lakini uamuzi ni wa jopo. Usimwangalie yeye ukiulizwa swali. Jopo linaona. Na usijifunze slaidi 40. Dakika unazopewa kueleza kazi ni chache, zinazobaki ni za maswali, na swali la kwanza karibu kila mara ni moja: umeongeza nini ambacho hakikujulikana? Anayejibu kwa kusimulia sura ya pili ameshaanza vibaya.

Kuna sehemu moja ambako saini ya msimamizi ina nguvu kweli, nayo watu huipuuza: kuthibitisha marekebisho baada ya uamuzi, yeye au mtahini wa ndani kutegemea chuo. Hapo unatakiwa kuleta jedwali. Safu ya kwanza, hoja ya mtahini kwa maneno yake. Ya pili, ulichofanya. Ya tatu, ukurasa na aya. Tunachopokea ni jedwali ambalo safu ya pili yote imejazwa "imerekebishwa", mara thelathini, na safu ya tatu haipo. Hilo linarudi. Na unaruhusiwa kutokubaliana na mtahini! Andika "sikubadilisha, kwa sababu hii," toa hoja, msimamizi akiunga mkono inakwenda kamatini. Hoja iliyopingwa kwa adabu hupita mara nyingi kuliko hoja iliyorukwa.

Vitu ambavyo saini hiyo haiwezi kuvifanya kabisa. Haiwezi kurudisha tarehe nyuma. Kama ulikusanya data kabla ya kibali, kwa sababu msimamizi alikwambia "wewe anza tu, kibali kitakukuta," data hizo hazina kibali na hazitakipata baadaye. Utafiti wa afya kwa binadamu Tanzania unahitaji idhini ya kimaadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wako kwenye mnyororo huo. Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kabla yake idhini ya kamati ya maadili. Mtahini analinganisha tarehe ya barua kwenye kiambatisho na tarehe za kazi ya uwandani kwenye sura ya tatu. Ni zoezi la dakika mbili na wengi hunaswa hapo.

Haiwezi pia kuosha wizi wa maandishi. Na tafadhali tuache kubishania asilimia ya Turnitin, programu inayopima mfanano wa maandishi, kama alama za mtihani. Asilimia 25 inayotokana na marejeleo, majina ya taasisi na maneno ya kawaida ya mbinu haina kosa. Asilimia 8 ambayo yote ni kurasa mbili mfululizo za mtu mwingine ni wizi. Ripoti inafunguliwa na kusomwa. Namba ya juu ni mlango tu.

Kwa walio Kenya kuna kizingiti kingine ambacho profesa hawezi kukisaini: viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vinadai makala kwenye majarida yaliyopitiwa na wataalamu, moja kwa uzamili na mbili kwa uzamivu. Viwango hivyohivyo vinamwekea mhadhiri ukomo wa wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamivu kwa mwaka. Mwaka 2019 chuo kimoja cha umma kilipotunuku PhD 118 kwenye mahafali moja, wizara iliagiza uchunguzi, na watu wengi walianza kwa kupiga hesabu ya wasimamizi. Kuhusu sharti la makala nina mashaka yangu. Nia ni nzuri, lakini mwanafunzi anayekimbizana na mahafali atakwenda kwenye jarida linalochapisha ndani ya siku tano kwa malipo, na makala hiyo itamfuata maisha yake yote. Sharti limehesabu makala. Halijazisoma.

Mwisho jina lako liende Seneti. Kabla ya hapo wewe ni mtahiniwa, hata kama jopo limekupongeza na mmepiga picha. "Dkt." kwenye kadi ya harusi mwezi mmoja kabla ya Seneti ni kadi iliyochapwa mapema. Ukitaka kujua umefika wapi, usiulize ofisi "tasnifu yangu vipi?" Uliza: watahini wangapi wameteuliwa, ripoti ngapi zimefika, kila moja ina ngazi ya ngapi kwa utaratibu wa chuo, na kikao cha kamati kijacho ni lini. Maswali hayo manne yana majibu, na afisa aliye mbele yako anaweza kuyapata kwenye faili wakati umesimama hapohapo.

Na usikimbilie kujalidi gamba gumu. Mwaka unaochapwa kwa dhahabu mgongoni unafuata kanuni za chuo chako, si siku profesa aliyosaini. Kila Desemba kuna watu wanaobandua gamba jipya kabisa kwa sababu ya tarakimu moja.