Je, Waandishi wa Leo Wamewaharibu Mashujaa wa Zamani?

Katika vibanda umiza vya Kirumba na Mabatini, jijini Mwanza, ambako vijana wengi walimfahamu Superman au Batman kwa sauti ya mtafsiri wa sinema kabla ya kukishika kitabu chenyewe cha katuni, husikika lawama kwamba waandishi wa siku hizi wamewachafua mashujaa hao kwa kuwatia hasira, mashaka na damu mikononi. Lawama hiyo imejengwa juu ya dhana kadhaa zisizopatana na historia ya vitabu hivyo.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba shujaa wa asili alikuwa mpole na asiye na doa, na kwamba ukatili ni uzushi wa juzi.

Ukweli ni kwamba Batman alipotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1939, katika kisa kilichoandikwa na Bill Finger na kuchorwa na Bob Kane, alimpiga ngumi mhalifu akatumbukia katika tangi la tindikali, wala hakuonyesha majuto. Mwaka uliofuata aliwamiminia maadui risasi za bombomu kutoka kwenye ndege yake. Mwiko wa kutoua uliwekwa baadaye na mhariri Whitney Ellsworth. Superman wa mwaka 1938, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, hakuweza kupaa bali aliruka tu kwa miruko mirefu, na katika kisa chake cha kwanza alimwadhibu mume anayempiga mkewe, kisha akamkabili mtu aliyekuwa akishirikiana kwa siri na seneta. Hata jiwe la kriptonaiti, linalomwondolea Superman nguvu zake, ambalo wengi hudhani lilikuwapo tangu mwanzo, lilitokea kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943. Kwa hiyo mwandishi wa leo anayempa Superman ghadhabu dhidi ya wakubwa wanaodhulumu anamrudisha karibu na asili yake.

Upole ambao wengi huukumbuka ulitiwa nguvu na kanuni za mwaka 1954, ambazo wachapishaji wa Marekani walijiwekea wenyewe baada ya vitabu vya katuni kushutumiwa kuwa vinapotosha watoto. Kanuni hizo ziliagiza kwamba wema ushinde uovu kila mara, na zikakataza polisi, mahakimu na viongozi wa serikali kuonyeshwa kwa namna ya kuwavunjia heshima. Kampuni ya uchapishaji ya Marvel ilizikiuka mwaka 1971 kwa kuchapisha kisa cha Spider-Man kilichogusa dawa za kulevya bila idhini. Hata hivyo, lawama haikosi chembe ya haki: baada ya mwaka 1986, waandishi Frank Miller na Alan Moore walipopata sifa kubwa kwa visa vyao vizito, wengi waliwaiga kwa kuchukua giza na kuacha fikra iliyokuwa nyuma yake.

Wengine hudai kwamba kumpa mtu mpya jina la shujaa wa zamani ni desturi ya sasa. Sivyo. Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu, wa mwaka 1940 aliitwa Jay Garrick, na mwaka 1956 jina hilo likapewa Barry Allen. Miles Morales, kijana aliyepewa jina la Spider-Man mwaka 2011, hakumfuta Peter Parker, Spider-Man wa awali, katika mfululizo mkuu. Wasukuma wenyewe humsimulia Mwanamalundi, shujaa wa masimulizi yao, kwa namna nyingi, na sijapata kusikia msimulizi akishtakiwa kwa hilo.

Dhana ya mwisho, na ndiyo inayowaonea waandishi zaidi, ni kwamba mwandishi hufanya apendavyo. Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Tangu hapo shujaa huyo ni mali ya kampuni, na anayemwandika ni mwajiriwa au kibarua ambaye kazi yake hupitia kwa wahariri, ambao wanaweza kuifuta au kuigeuza. Superman alipouawa kitabuni mwaka 1992, habari ilitangazwa hadi katika magazeti ya kawaida, na nakala zikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1993 alirudishwa hai, jambo ambalo lisingemshangaza mtazamaji yeyote wa Mwanza aliyekua akiambiwa kwamba steringi hafi.