Je, wajua kwa nini mchicha ulionyauka husimama tena ukiwekwa majini?

Mchicha uliochumwa alfajiri ukashinda juani sokoni, ikifika saa tisa alasiri fungu zima limelala. Mnunuzi hulishika, hulirudisha, husema limeharibika. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kunyauka na kuoza ni mambo mawili tofauti. Jani lililonyauka mara nyingi bado liko hai, seli zake zinapumua na kutumia akiba yake ya sukari hata baada ya kung'olewa. Kilichopungua ni maji, ambayo ni takriban asilimia 90 ya uzito wa mchicha. Yanatoka kupitia vitundu vidogo vya jani, na mzizi wa kuyarudisha haupo tena. Asilimia chache tu zikipotea, jani linalegea.

Kila seli ina ukuta kwa nje, na ndani yake utando mwembamba uliofunga maji yenye sukari na chumvichumvi. Chukua mfano wa tairi lenye tyubu. Tairi likiwa tupu hujikunja. Upepo wa tyubu ndio unaolisukuma likakaza. Kwenye jani, maji ndiyo upepo wenyewe, na shinikizo ndani ya seli iliyoshiba huweza kuzidi lile la tairi la gari dogo! Ajabu ni kwamba hakuna pampu. Maji ya bakuli hayana sukari wala chumvi nyingi kama ya ndani ya seli, kwa hiyo hupenya utando yakielekea ndani, mpaka ukuta ukatae kutanuka zaidi. Hiyo ndiyo osmosisi.

Kazi hiyo inahitaji utando mzima. Mchicha uliochemshwa hausimami hata ukilala majini usiku kucha, maana joto limeshauharibu utando. Uliogandishwa kwenye friza nao ni hivyo hivyo. Basi mboga ikisimama tena, hiyo yenyewe ni dalili kwamba ilikuwa hai. Ndiyo maana siwezi kumwita tapeli muuza mboga anayenyunyizia mafungu yake maji, ilimradi maji ni safi. Ila vitamini C iliyopotea wakati jani limenyauka hairudi kwa kulowekwa.

Nyumbani, kata ncha za mashina kwanza, kwa sababu pale palipokatwa zamani pamekauka na mirija imeingia hewa. Giligilani na mnanaa visimamishe kwenye glasi ya maji. Sukuma wiki na matembele vizamishe kwenye maji baridi kwa nusu saa hivi. Kisha pinda kikonyo: kikikatika kwa mlio, kimeshiba. Karoti iliyolegea huchukua saa kadhaa. Nyanya iliyojikunja usihangaike nayo, ngozi yake ina nta isiyopitisha maji kirahisi.

Wapo wanaotia chumvi ili wadudu watoke. Iwe kwa muda mfupi, kisha suuza, kwani maji yenye chumvi nyingi huvuta maji kutoka ndani ya seli, kama unavyoona kitunguu cha kachumbari kinavyolainika. Mboga ikishasimama, ikung'ute vizuri kabla ya kuiweka kwenye friji. Majani yaliyofungwa na matone huoza upesi. Yaliyogeuka njano hayatarudi kijani, na yenye utelezi yatupe.