Maoni ya wananchi na serikali: dhana nne na ukweli wake

Dhana: Maoni ya umma hupikwa Nairobi na mitandaoni, sisi wa huku mashinani hufuata tu.

Ukweli: Mtandao hueneza moto, ila kuni hutoka nyumbani. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate, na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Mwenye gari aina ya Probox la laki tano katika steji ya mji wa Molo hakuhitaji mchambuzi wa runinga: alipiga hesabu kwenye simu, akapata shilingi 12,500, bima kando. Hesabu kama hiyo huzungumzwa stejini, sokoni, kanisani na kwenye redio za lugha za mama. Maoni huiva pale mtu anapogundua kwamba linalomkera ndilo linalomkera jirani pia.

Dhana: Ni maandamano tu yanayobadilisha sera.

Ukweli: Kabla ya maandamano ya kuupinga mswada huo, watu na mashirika walikuwa wamepeleka maoni yao kwa kamati ya fedha ya Bunge. Tarehe 18 Juni 2024, vijana wakianza kuandamana Nairobi, mwenyekiti wa kamati hiyo, Kuria Kimani, ambaye ni mbunge wa Molo, alitangaza kwamba kodi ya mkate na ya magari imeondolewa. Lakini sitadai barua zilitosha. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo vijana wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Vijana wale hawakustahili kufa ndipo tusikilizwe.

Dhana: Utafiti wa maoni hutabiri mshindi.

Ukweli: Katika uchaguzi wa urais wa 2022 tafiti nyingi za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele, Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Angalia wangapi walihojiwa, na nani aligharamia.

Dhana: Vikao vya maoni vya kaunti ni vya kupiga picha na kunywa soda.

Ukweli: Vingine ndivyo vilivyo, na inaudhi. Hata hivyo, Ibara ya 196 ya Katiba inalilazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma, na sheria zimewahi kubatilishwa mahakamani kwa kukiuka wajibu wa aina hiyo. Kosa letu kubwa ni kuchelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayedai umeme wa zahanati mwezi Mei huenda anaomba fungu ambalo tayari limepangiwa mradi mwingine. Kwa hiyo wahini mapema, andikeni madai yenu, mtaje wadi na mradi, na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Siku mkienda mahakamani, hiyo ndiyo itakayoulizwa.