Je, wajua kwa nini safari ya Kisumu huizeesha jeti?

Usoma, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Kisumu, ubishi kuhusu ndege hauishi. Juzi jamaa mmoja alitutolea simu kutuonyesha tangazo kutoka Marekani: Cessna Citation ya miaka ya 1970, injini mbili, viti vya ngozi, kwa dola 300,000 hivi. "Omera, hizo si hata milioni 40!" Land Cruiser mpya mbili na chenji inabaki. Sasa mbona wenye pesa wetu hawaichukui, wakawa wanashuka nyumbani kila Ijumaa jioni?

Wengi walijibu kwamba ni mafuta. Ni kweli, ndege hiyo hunywa zaidi ya lita 500 katika saa ya kwanza. Lakini mafuta ndiyo gharama inayoonekana. Inayommaliza mwenye ndege ni hesabu ya umri.

Umri wa Probox inayobeba watu kwenda Busia tunausoma kwenye kilomita. Jeti ina hesabu tatu: saa ilizoruka, miaka ya kalenda, na mizunguko. Mzunguko mmoja ni kupaa na kutua mara moja. Ukienda Kisumu kwa dakika 40 ni mmoja; ukiruka saa tatu mfululizo ni mmoja vilevile.

Kwa nini ihesabiwe hivyo? Kwenye futi 41,000 hewa ni haba kiasi kwamba mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo hewa husukumwa ndani mpaka abiria wajisikie kama walio mahali fulani kati ya Eldoret na Timboroa. Huko juu hewa hiyo hulisukuma bodi kutoka ndani kwa nguvu ya karibu tani 6 kwa kila mita mraba. Ndege ikishuka, bodi hulegea. Kesho hutanuka tena. Uliwahi kukosa koleo ukakata waya wa kufungia fito kwa kuukunja huku na huku? Mara ya kwanza haukatiki, hata ya tano. Bati la ndege nalo huchoka hivyo hivyo, na ufa huanzia penye tundu la ribiti au kona ya dirisha.

Ulimwengu ulilijifunza hili kwa machungu mwaka 1954, ndege mbili za abiria aina ya Comet zilipopasukia angani juu ya Mediterania. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines iling'oka paa la mbele ikiwa angani huko Hawaii. Mhudumu mmoja alifariki, na marubani wakaitua. Ndege ile ilikuwa na miaka 19 tu, ila ilikuwa imepaa na kutua karibu mara 90,000, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurukaruka kati ya visiwa. Safari fupifupi, kama ya Nairobi na Kisumu.

Injini nazo zina hesabu. Diski za ndani hupata joto kali na kupoa kila safari, zikifikisha idadi yake hutolewa hata kama zinang'aa. Fundi wa Probox angecheka. Halafu injini zenyewe lazima zifunguliwe zote baada ya saa elfu tatu na ushee, na kuzifungua mbili kunaweza kuzidi bei ya ndege nzima. Hapo ndipo penye siri ya lile tangazo: ule urahisi ni wa ndege ambayo saa zake zimekaribia kwisha. Usinunue kabla ya kusoma vitabu vyake vya matengenezo. Vikipotea, unanunua chuma chakavu chenye viti vya ngozi.

Na faida yenyewe? Kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa anga hakufiki kilomita 300. Jeti hubana matumizi ikiwa juu sana, na hapo haijapanda vizuri kabla ya kuanza kushuka. Ndiyo maana Jambojet, licha ya jina lake, huja Kisumu na Dash 8-400, ndege ya pangaboi. Citation za kwanza hata mbio hazikuwa nazo; Wamarekani walitania kwamba hugongwa na ndege kwa nyuma. Ndege yule mwenye manyoya, si ile.

Basi uipumzishe? Kalenda haipumziki, ukaguzi mwingine huja kwa miezi hata kama gurudumu halijasogea. Mpira wa kuzibia hukauka, maji hujikusanya kwenye matangi. Na kuna nyigu. Februari 1996, Boeing 757 iliyokuwa imeegeshwa siku nyingi katika Jamhuri ya Dominika ilianguka mara baada ya kupaa, watu 189 wakafa. Mrija wa kupimia mwendo ulikuwa umeziba, na wachunguzi walishuku kiota cha nyigu. Ndiyo sababu ndege ikilala, mirija hiyo huvalishwa kitu kama soksi chenye utepe mwekundu unaoning'inia, rubani asisahau kukivua.

"Na hizo soksi zinauzwa?" jamaa akauliza.

Zinauzwa, tena kwa dola.