Paka dume anayejikamua hajafunga choo

"Daktari, paka wangu amefunga choo. Tangu jana anachuchumaa na kujikamua, hakitoki kitu. Nimempa mafuta ya nazi, wapi!"

Simu hii naipokea Mtwara mwaka mzima, kutoka Shangani, Chikongola, Mikindani, na wakati mwingine kutoka ng'ambo ya Msanga Mkuu. Nikiuliza ni dume au jike, karibu kila mara ni dume. Nikiuliza mara ya mwisho amekojoa lini, simu inakuwa kimya. Hapo huwa sina subira tena ya kusikiliza habari za mafuta ya nazi.

Tuelewane. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu amezibwa mkojo, mpaka ithibitike vinginevyo. Choo kigumu kwa paka kipo, lakini kinaweza kusubiri kesho. Mkojo ukiziba hausubiri.

Mrija wa mkojo wa paka dume ni mrefu, na kadiri unavyokaribia ncha ya uume ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba. Punje chache za fuwele, yaani chumvi za mkojo zilizoganda, zikichanganyika na ute kutoka kwenye kibofu zinatosha kuwa kizibo. Jike mrija wake ni mfupi na mpana, ndiyo maana yeye huziba mara chache sana. Dume akishaziba, figo zinaendelea kutengeneza mkojo usio na pa kwenda. Kibofu kinajaa, mgandamizo unarudi nyuma mpaka kwenye figo zenyewe, nazo zinashindwa kuchuja. Uchafu unabaki kwenye damu, na pamoja nao potasiamu, aina ya madini yaliyomo mwilini, inapanda. Hiyo potasiamu ndiyo muuaji, kwa sababu ikizidi mapigo ya moyo yanapungua mpaka moyo unasimama. Aliyeziba kabisa, siku ya kwanza utamwona anahangaika. Siku ya pili anatapika, hataki kula, analala sehemu moja. Siku ya 3 wengi hawaioni.

Sasa nije kwenye madafu. Huku pwani kila mtu anajua kwamba madafu yanasafisha mkojo, kwa hiyo paka akionekana ana shida ya mkojo anamiminiwa madafu kwa bomba la sindano. Madafu yana potasiamu nyingi. Unamwongezea kile kile kinachomuua, na unajaza kibofu ambacho hakina tundu la kutokea. Mafuta ya nazi yana hatari yake nyingine: paka anayelazimishwa kunywa mafuta anaweza kuyavuta mapafuni, halafu ukaniletea mgonjwa wa magonjwa mawili. Na maji kwa nguvu vilevile sitaki. Mlete tu.

Utajuaje? Usijisumbue kutofautisha kwa mkao, maana anayekamua choo na anayekamua mkojo wanafanana. Angalia mambo mengine. Anaenda mchangani, anachimba, anachuchumaa, anaondoka bila kufukia, anarudi tena baada ya dakika chache. Anajaribu sehemu ambazo hajawahi kukojoa: kwenye sakafu ya bafu, ndani ya beseni la nguo. Anajilamba uume muda wote, na ukiinua mkia unauona umetoka nje, mwekundu. Wengine hutoa mlio mzito wakiwa wamechuchumaa.

Shida ya paka wetu ni kwamba wanakojoa nje, nyuma ya nyumba au chini ya mkorosho, hakuna anayewaona. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi, mfungie bafuni na karai la mchanga mkavu, tena mchanga uliouchekecha ili mabonge ya mkojo yaonekane. Kama tayari anatapika au amelegea, achana na karai, njoo.

"Anakojoa, mwanangu," bibi mmoja wa Mikindani aliniambia, "matone matone." Shikamoo bibi, lakini matone si kukojoa. Matone mekundu ndiyo kabisa. Kibofu kikijaa kupita kiasi huchuruzika kidogo pembeni ya kizibo, na mwenye paka anapumua akidhani mambo yamefunguka. Mimi nikiweka mkono nyuma ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma, nakikuta kibofu kigumu kama chungwa bichi, na paka anageuka kuning'ata. Wewe usijaribu kukiminya nyumbani. Kinapasuka.

Matibabu yake si kidonge. Ni dripu, sindano ya kalsiamu ya kuulinda moyo pale potasiamu ilipopanda, dawa ya usingizi, kisha mpira mwembamba wa mkojo unapitishwa taratibu na kibofu kinaoshwa. Mpira unaweza kubaki siku moja au mbili. Akipona anaweza kuziba tena, hasa yule mnene anayekula chakula kikavu cha dukani na kunywa maji kwa nadra. Chakula chake kiloweke, mwekee maji sehemu mbili tatu, mbali na sahani ya chakula. Mimi hupenda pia watu waongeze supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu kwenye wali wake. Kitunguu kinaharibu damu ya paka, kwa hiyo ile supu iliyobaki mezani haifai.

Nimekaa sana hapo kwa sababu huyo ndiye paka ninayeletewa amechelewa kuliko wote. Lakini anachelewa kwa sababu ya dhana ya pili.

"Angekuwa anaumwa angelia"

Mara nyingi paka halii. Mbwa akikanyagwa mtaa mzima unajua. Paka aliyevunjika nyonga anaingia nyuma ya friji na kunyamaza, maana yeye ni mwindaji mdogo ambaye naye anawindwa, na kuonyesha udhaifu kwake ni hatari. Tena usidanganyike na kukoroma. Paka hukoroma akiwa na raha, na hukoroma pia akiwa na maumivu makali, hata akiwa anakufa. Nimewahi kusikiliza moyo wa paka aliyegongwa na bodaboda nikashindwa kuusikia kwa jinsi alivyokuwa anakoroma.

Maumivu ya paka yasome usoni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha sura ya paka chenye mambo matano: masikio, macho, mdomo na pua, masharubu, na kichwa. Kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2. Masikio yaliyoachana na kugeukia nje, macho yaliyofinywa, mdomo uliokazwa, masharubu yaliyonyooka na kusogea mbele, kichwa kilichoshuka chini ya mabega: hizo ni alama za maumivu. Zikifika 4 kati ya 10, huyo anahitaji dawa ya maumivu. Mtazame akiwa macho na ametulia, usimpime akiwa amelala, anakula au anajilamba.

Swali langu la kwanza kwa mwenye paka siku zote ni hili: ameacha kufanya nini? Alikuwa anapanda ukutani, sasa anazunguka getini. Alikuwa anajisafisha, sasa manyoya ya mgongoni yamesimama mafungu mafungu. Alikuwa anakula, leo siku ya pili ananusa na kuondoka. Hilo la kutokula lisikupite. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta yanaanza kujaa kwenye ini, na hapo unapata ugonjwa mpya juu ya ule wa kwanza. Na mpige video nyumbani kabla ya kumleta. Mezani kwangu paka wote wanaganda, hata anayechechemea anasahau kuchechemea.

"Nimempa nusu Panadol tu"

Hii haina maelezo marefu. Parasetamo ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama la binadamu, mabaki yake yanaharibu chembe nyekundu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Fizi zinakuwa za kahawia au bluu, uso na nyayo vinavimba, anahema. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa, na nusu yake pia inaweza. Diklofenaki na ibuprofeni nazo uziache kwenye kabati lako. Kama umeshampa, niambie ukweli na uniambie saa ngapi. Ipo dawa ya kukabili parasetamo, lakini inafaa zaidi saa za mwanzo, na aibu yako inakula hizo saa.

"Kalishwa sumu na jirani"

Au kalamba salfa, kama ni msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa inawasha macho na ngozi, kweli, na paka aliyepita shambani muoshe kwa maji. Ila paka ninaoletewa kwa kesi ya jirani, wengi nikiwapapasa nakuta uvimbe karibu na shina la mkia au shavuni, na katikati yake tundu la jino lililofunikwa na manyoya. Amepigana na mwenzake, jipu limetunga, homa imefika 40. Jirani hana kosa. Sumu halisi mara nyingi imeletwa na mwenye nyumba mwenyewe: paka kapakwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili viroboto vife. Zile za jamii ya pairethroidi humfanya paka atetemeke mwili mzima mpaka degedege. Na maziwa si dawa ya sumu yoyote kati ya hizi. Paka wengi wakubwa hayawakai tumboni, wanaishia kuharisha.

"Paka chakula chake ni samaki"

Kidogo, sawa. Lakini paka wa Feri, kule ufukweni, anayekula vibua na dagaa tu, siku zote, anaweza kukosa vitamini E mpaka mafuta ya mwilini yakavimba na kuwa magumu. Mwenyewe analeta malalamiko kwamba paka amekuwa mkali, hataki kushikwa. Hataki kwa sababu kila unapomgusa unamuumiza. Huko huko ufukweni kuna ndoana na mshipi. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au chini ya mkia, usiuvute hata kidogo, maana ndani unaukata utumbo.

Pua kavu? Haina maana yoyote, homa inapimwa kwa kipimajoto, na joto la kawaida la paka ni kama 38 hadi 39.2. Roho saba? Ninaowazika wana moja. Paka mpole aliyegeuka ghafla na kung'ata watu bila sababu, hilo si la kunipigia mimi kwanza: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ndipo unipigie.

Na ukimleta mgonjwa, mlete kwenye tenga la kuku au kapu lenye mfuniko, umtandikie kanga. Paka aliyetoka Mikindani kwa bodaboda ndani ya kiroba, jua la saa nane, anafika ana joto 40, na mimi inabidi nisubiri apoe kabla sijajua kama ile ni homa au ni kiroba.